Vifaranga elfu kumi vya kambale wameisha kwenye bwawa lenye chakula tele, tatizo lilikuwa wapi?

Kisa hiki ni cha jamaa mmoja nje kidogo ya Morogoro, jina lake naliacha. Anafuga sato kwenye mabwawa ya udongo miaka kadhaa sasa na anafanya vizuri tu. Sato wake wanazaliana wenyewe bwawani, vifaranga wakianza kuonekana pembeni anawarushia pumba iliyochekechwa ikachanganywa na unga wa dagaa, wanakua, anauza, maisha yanaenda. Sasa akaona kambale sokoni anashika bei nzuri na watu wanasema ni samaki mgumu anayevumilia maji yoyote, akasema ngoja nijaribu. Akaenda kwa mzalishaji akakuta bei mbili, kuna kifaranga cha wiki sita saba ambacho kimeshakuwa samaki kamili wa urefu wa kidole, na kuna kifaranga kichanga kabisa cha siku nne tangu kutotolewa, na huyu bei yake ni ya kutupa. Akapiga hesabu ambayo wengi wangeipiga, nachukua wachanga elfu kumi nalea mwenyewe, hata wakifa nusu bado nimekula faida.

Bwawa lilikuwa mita 10 kwa 10, kina sentimita 70 hivi. Alilijaza wiki tatu kabla ili maji yatulie, akatia mbolea ya kuku, maji yakawa kijani ile ambayo watu wanaipiga picha wanaposti kwenye magrupu. Vifaranga wakaja ndani ya mfuko wa oksijeni, akauelea mfuko juu ya maji mpaka joto likalingana, akawaachia jioni taratibu, hapo hana kosa hata moja. Kisha akaanza kulisha mara tatu kwa siku unga uleule wa sato. Siku mbili tatu za kwanza alikuwa anaona vitu vyeusi vidogo vinachezacheza pembeni, baadae haoni kitu, akajipa moyo kwamba kambale ni samaki wa chini. Wiki ya tano akaazima wavu akavuta. Hawakufika 300. Na hao wenyewe walikuwa vituko, kuna wachache wa sentimita 8 na zaidi wamenona, halafu waliobaki ni wa sentimita mbili tatu wamekonda vichwa vikubwa.

Hapo ndo lawama zikaanza. Yeye anasema mbegu mbovu. Mzalishaji anasema mbegu haina shida, maji yako ndo mabaya. Jirani yake naye, ambaye anafuga kuku, akasema chakula kina protini kidogo ungewapa cha kuku cha kuanzia. Mimi nikaitwa kuangalia, nikamwomba kitu kimoja tu, usijaze maji tena, tulikaushe lote mpaka tope tuone kuna nini. Nafikiri wafugaji wengi wangejifunza zaidi kwenye lile tope kuliko kwenye semina, maana vifaranga wakifa wachanga hawaelei, ni wadogo mno, wanaozea chini au wanaliwa na hakuna maiti ya kukuonyesha.

Nianze na mbegu maana hiyo ndo ilikuwa rahisi kuitoa. Kundi lilelile la vifaranga, la jike lilelile, mtu mwingine alichukua sehemu akalea kwenye matanki kwa kuwapa atemia, yaani vijidudu hai vya maji ya chumvi, na wake walikuwa wazima wengi tu. Kwahiyo mzalishaji hakumuuzia vitu vilivyokufa. Ninachoweza kumlaumu mzalishaji ni kwamba alimuuzia mtu wa sato vifaranga vya siku nne bila kumuuliza utawapa nini kesho asubuhi.

Maji sasa. Bwawa la kijani kizito lenye mbolea na unga unaotupwa mara tatu kwa siku, alfajiri oksijeni inashuka, hilo linajulikana, na watu wanajidanganya kwa sababu kambale mkubwa anapumua hewa ya juu. Kifaranga kichanga hana uwezo huo. Kile kiungo cha kupumulia hewa kinaanza kufanya kazi akishafika wiki mbili hivi, kabla ya hapo anategemea oksijeni ya majini kama samaki mwingine yeyote, tena ngozi na matamvua yake ni laini. Kwahiyo sitasema maji hayakuchangia. Ila kama ingekuwa oksijeni ndo muuaji mkuu wangekufa wote usiku mmoja au miwili, na hao waliobaki wasingekuwa na tofauti ya saizi kubwa namna ile. Ile tofauti ya saizi inasema habari nyingine, inasema kuna waliopata chakula mapema na kuna waliokosa, na waliopata wakageuka kuwa wanakula wenzao.

Sasa tuje kwenye chakula chenyewe, na hapa lazima umwangalie sato kwanza ndo umwelewe kambale. Sato jike anabeba mayai mdomoni. Mayai yenyewe ni machache, mamia mpaka elfu moja mbili, lakini ni makubwa, yana kiini cha kutosha, na mtoto anakaa na kile kiini cha mayai wiki nzima au zaidi huku mama anamlinda mdomoni. Akitoka pale ana karibu sentimita moja, mdomo wake ni mpana kwa saizi yake, tumbo limeshaanza kazi, ukimpa unga laini anameza na anausaga. Ndo maana jamaa yetu miaka yote alikuwa anarusha pumba na dagaa na mambo yanaenda. Yaani mama sato alikuwa amemfanyia kazi ngumu yote na yeye alikuwa anapokea watoto walioshamaliza chekechea.

Kambale hana hiyo huruma. Jike la kilo moja linatoa mayai makumi ya maelfu, yai moja ni kama milimita moja na kidogo, na kwenye maji ya nyuzi 25 hadi 28 linatotolewa ndani ya siku moja au moja na nusu. Kinachotoka ni kitu cha milimita tano mpaka saba chenye mfuko wa kiini, kinalala chini kwenye giza. Siku tatu hivi kiini kimeisha. Siku ya nne kimeanza kuogelea na kina njaa, na hapo ndo jamaa alipowanunua, yaani walikuwa njiani ndani ya mfuko wa plastiki saa zilezile ambazo walitakiwa kuwa wanakula mlo wao wa kwanza.

Na huo mlo wa kwanza una masharti. Siku hizo za mwanzo kambale hana tumbo linalofanya kazi, ana utumbo mfupi tu, asidi na vimeng'enya vya kusaga protini ngumu ya dagaa bado havijakamilika, tumbo linakuja kukaa sawa baada ya siku kadhaa za kula. Kwahiyo anahitaji kitu kidogo, laini, chenye maji mengi, ambacho kinasagika kirahisi, na kikubwa zaidi kitu kinachotembea, maana anakisaka kwa kugusa na kunusa na kile kinachojigonga kwenye sharubu zake ndo anachokamata. Unga hautembei. Unga unakaa juu dakika chache, unalowa, virutubisho vinatoka vinaenda majini, unaobaki unazama kwenye tope. Ukimwambia jamaa aongeze protini kwenye unga ule, kama jirani wa kuku alivyoshauri, unachoongeza ni amonia.

Nafungua mabano hapa kuhusu kiini cha yai la kuchemsha maana najua mtu atauliza. Ndiyo, kwenye beseni au tanki dogo watu wanakikamua kwenye kitambaa wanakitumia wakikosa kingine, na baadhi ya vifaranga wanapona, lakini maji yanachafuka ndani ya saa chache na unakuwa mtumwa wa kubadilisha maji mchana na usiku. Kwenye bwawa la mita mraba mia ni kutupa mayai tu. Maziwa ya unga ndo kabisa, sijui nani aliyaanzisha. Nafunga mabano.

Kwahiyo vifaranga wa kambale bwawani wanakula nini hasa? Wanakula wanyama wadogo wanaoelea. Kuna rotifa, hawa ni wadogo sana, milimita 0.1 mpaka 0.3, huwaoni kwa macho zaidi ya kuona maji yana vumbi. Kuna moina na ndugu yake dafnia, hawa unawaona ukichota maji kwenye glasi ukaiinua juani, vinukta vinavyorukaruka, watoto wao ni chini ya nusu milimita na wazazi wanafika milimita moja na zaidi. Halafu kuna kopepodi, wana mwendo wa kuchomoka, na kifaranga mchanga anawakamata kwa shida. Baadae akikua kidogo, sentimita moja na kuendelea, anashuka chini anaanza kula yale mabuu mekundu ya kwenye tope, na hapo ukuaji unabadilika, anaanza kunenepa vizuri.

Rangi ya kijani nayo inadanganya watu wengi. Ule ukijani ni mwani, na mwani sio chakula cha kifaranga wa kambale. Sato mkubwa anaukula na unamfaa. Kambale mchanga anautegemea kwa mzunguko, mbolea inalisha bakteria na mwani, bakteria na mwani wanaliwa na rotifa na moina, kifaranga anawala hao. Bwawa linaweza kuwa kijani kama mchicha na halina hata moina mmoja, na bwawa la rangi ya chai likawa na supu nzito ya moina, tena mara nyingi moina wakiwa wengi wanakula mwani wote maji yanakuwa meupe na mwenye bwawa anapaniki anaongeza mbolea.

Na hawa wadudu hawaji wote pamoja, wanakuja kwa zamu. Ukijaza bwawa lililokauka ukatia mbolea, siku chache za mwanzo ni bakteria na mwani. Kuanzia kama siku ya nne tano rotifa wanalipuka kwa sababu wanazaana haraka kuliko wote, mayai yao yalikuwa yamelala kwenye udongo. Wiki ya kwanza ikiisha kuelekea ya pili moina wanachukua nafasi. Baada ya hapo kopepodi. Na muda wote huo kuna wageni wanaingia wenyewe, wengi kwa mabawa: wale wadudu wanaoogelea chali, mende wa majini, kereng'ende wanaotaga mayai, vyura nao wanataga mayai yanayotoa viluwiluwi. Wiki tatu zikifika bwawa lina wakazi wenye meno.

Sasa rudi kwa jamaa. Amejaza wiki tatu kabla. Amewaleta viumbe wa milimita saba nane, wenye njaa, wasio na tumbo, akawaachia kwenye bwawa ambalo zamu ya rotifa ilishapita zamani, waliobaki ni kopepodi wakubwa na moina watu wazima, na wenye nyumba ni mabuu ya kereng'ende. Hata baadhi ya kopepodi wenyewe wanashambulia samaki mchanga, wanamng'ata kwenye mapezi. Yaani kwenye bwawa lile chakula kilikuwepo kwa uzito, ungekipima kwa gramu ungesema kiko tele, ila wengi wao hawakuingia kwenye mdomo wa kifaranga na wengine ndo walikuwa wanamtafuta yeye.

Tope likathibitisha. Tulipokausha tulikuta mabuu ya kereng'ende ya kila saizi, wale waogelea chali wamejaa kwenye madimbwi ya mwisho, viluwiluwi wengi sana, na vyura wakubwa wamekaa kwenye majani ya ukingoni ambayo hayakufyekwa. Pembeni pale ambapo alikuwa anarushia unga kulikuwa na tabaka jeusi linanuka yai viza. Tukapasua matumbo ya vifaranga kadhaa kwenye sahani nyeupe na kioo cha kukuzia, hatukuwa na maabara. Wale wadogo waliokonda walikuwa na vipande vya magamba ya moina, mabuu mekundu machache, na pumba ambayo imepita kama ilivyoingia. Wale wakubwa walikuwa na mabuu mengi na wawili walikuwa na mikia ya wenzao. Jamaa akakumbuka kwamba wiki ya tatu aliona vichwa vidogo vya samaki vinaelea bila miili akadhani ni kazi ya ndege mdiria, yaani kingfisha. Ndege hali kiwiliwili akaacha kichwa. Kambale wadogo ndo wanakula hivo, mkubwa anamshika mwenzake kwa mkia anammeza mpaka shingoni, kichwa ni kigumu na kipana anakitema. Wakizidiana saizi zaidi anameza mzima na hapo huoni hata kichwa.

Kwahiyo mimi nilivyolisoma ni hivi, na mzalishaji alikubali, jamaa mwenyewe ilimchukua muda. Siku tano sita za kwanza njaa iliwalegeza wengi na wadudu wakawamalizia, kifaranga aliyelegea hakimbii. Wachache waliobahatika kukutana na watoto wa moina wakakua haraka, tumbo likaanza kazi, wakaanza kula mabuu na unga, na kuanzia wiki ya tatu wakaanza kula waliochelewa. Unga haukuua moja kwa moja, ila ulichafua chini na kumpa mwenye bwawa imani kwamba ameshalisha.

Kuhusu vyura nataka nikae kidogo maana watu wanawachukulia poa. Kule Kongo-Brazzaville kuna majaribio yaliyofanywa kwenye mabwawa ya vifaranga vya kambale, matokeo yakachapishwa mwaka 1995, walilinganisha mabwawa yaliyozungushiwa uzio na yasiyo na uzio, na tofauti ya idadi ya vifaranga waliovunwa ilikuwa ya mara kadhaa, sio asilimia kumi wala ishirini. Uzio wenyewe ni kitu cha kawaida, mabati au wavu wa matundu madogo umezamishwa ardhini kidogo ili chura asipite chini. Chura mkubwa anakula vifaranga, na viluwiluwi wanagombania chakula halafu siku ya kuvuna wanajaa kwenye wavu unashindwa kuchambua.

Mara ya pili tulipanga upya, na ninachokipenda kwenye mpango ule ni kwamba tuliacha kuanza na bwawa tukaanza na simu. Mzalishaji anamchoma jike homoni jioni, iwe ya dukani kama Ovaprim au ile ya kutoka kwenye tezi iliyo chini ya ubongo wa samaki mwingine, kesho yake asubuhi anakamua mayai na kuyarutubisha, siku inayofuata yanatotolewa, siku tatu za kiini, jumla ni kama siku tano kutoka sindano mpaka kifaranga anayetafuta chakula. Na rotifa wanahitaji kama siku nne tano kutoka maji yanapoingia. Unaona zinavyokaa? Makubaliano yakawa jioni unayochoma sindano nipigie, mimi nafungulia maji. Mzalishaji, mzee wa watu, alicheka akasema "kijana wangu, miaka yote hakuna mteja aliyewahi kuniuliza saa ya sindano."

Kabla ya hapo bwawa lilikauka mpaka udongo ukapasuka, majani ya ukingoni yakafyekwa, chokaa isiyozimwa ikamwagwa kama kilo 10 kwa zile mita mraba 100, hasa kwenye sehemu ambazo bado zina unyevu maana ndo mabuu yanapojificha. Hiyo chokaa inaunguza, vaa glovu na ufunge pua na macho, na usimwage siku ya upepo. Akasubiri wiki. Kisha mabati yakazungushwa. Maji yakaingia kwa kupita kwenye chujio la kitambaa cha wavu mwembamba lililofungwa mdomoni mwa bomba, ili samaki wa mtoni na mayai ya wadudu wasiingie, na hilo chujio linaziba kila mara, lazima mtu akae pale analisafisha. Mbolea ya kuku iliyokauka ikatiwa kwenye viroba viwili vilivyotobolewa vikaning'inizwa kwenye kona, hivo ukiona ukijani wa maji unazidi unakitoa kiroba, ukiimwaga yote moja kwa moja huwezi kuirudisha. Kipimo cha maji ni mkono tu, zamisha mpaka kwenye kiwiko, ukiona kiganja kwa mbali uko sawa, ukikiona waziwazi ongeza, kikipotea kabla hujafika nusu toa kiroba.

Siku ya tatu ya maji tulichota moina kutoka kwenye dimbwi la samadi la jirani, tukawachuja mara mbili kutoa wadudu wakubwa, tukawapanda. Hili sio lazima, wangekuja wenyewe, lakini unawawahisha kidogo ili rotifa wakipungua kifaranga akute watoto wa moina wako tayari. Kuangalia kama kuna chakula, njia ya tochi ndo naiamini zaidi, usiku unamulika maji pembeni dakika mbili tatu, wale wadudu wadogo wanakusanyika kwenye mwanga, unachota kwa glasi unaangalia. Ukiona mawingu ya vinukta, lete samaki. Ukiona waogelea chali wamejaa, usilete. Kuna wanaomwaga mafuta kidogo ya dizeli au ya taa juu ya maji kabla ya kupanda ili hao wadudu wakija kupumua juu wafe, inafanya kazi, ila kwa bwawa lililokaushwa vizuri na kujazwa siku tano zilizopita sioni haja, na samaki wakishakuwemo usithubutu.

Vifaranga walikuwa elfu kumi tena, mia moja kwa kila mita mraba, na hiyo tayari ni wingi wa juu kwa bwawa la kutegemea chakula cha asili. Wiki ya kwanza hakuna unga kabisa. Hapa tulibishana sana, jamaa hakuwa anaweza kulala akijua hajalisha kitu, kwa mtu wa sato kutolisha ni kama dhambi, kila asubuhi ananitumia ujumbe "kaka niwape hata kiganja kimoja?" Nikamwambia hicho kiganja kiwe cha mbolea, sio cha unga. Kuanzia kama siku ya kumi ndo akaanza kuwapa unga laini wenye protini juu ya asilimia 40, kidogo kidogo jioni, sehemu ileile, kwasababu sasa tumbo lipo na moina wameanza kupungua, elfu kadhaa za midomo zinamaliza moina haraka kuliko wanavyozaana. Hapo ndo unga una maana, na ukichelewa hapo nako unaharibu, njaa ya wiki ya pili na ya tatu ndo inayotengeneza wale wala wenzao.

Kuna mtu ataniuliza kwanini asinunue tu atemia akalea kwenye tanki kama yule mwingine. Atemia ni nzuri, sibishi, unaangua mayai yake kwenye maji ya chumvi unapata vijidudu vya chini ya nusu milimita vinavyoogelea, saizi ya kambale kabisa, unajua umelisha kiasi gani na lini. Lakini kopo zinatoka nje, nyingi ni za lile ziwa kubwa la chumvi la Utah kule Marekani, bei yake kwa mfugaji mdogo inauma, na unahitaji umeme wa kupuliza hewa usiokatika. Pwani ya Kenya kwenye mashamba ya chumvi upande wa Malindi atemia walipandikizwa tangu miaka ya 1980, kwahiyo sio kitu kisichowezekana kwetu, ila mpaka sasa mfugaji wa Morogoro akienda dukani anakutana na kopo la kutoka nje. Maoni yangu ni kwamba anayezalisha laki na zaidi kwa mwezi anunue atemia, anayelea elfu kumi mara tatu kwa mwaka ajifunze kulima maji. Wapo wanaochanganya, siku tano za atemia kwenye tanki halafu bwawani, na kwa kweli hiyo ndo njia ninayoiona bora kama hela ipo, maana kifaranga anaingia bwawani akiwa na tumbo tayari na ana mbio.

Tulivuna baada ya wiki tano kasoro. Walitoka karibu 3,800. Sio nusu aliyokuwa anaiota mwanzo, lakini ukilinganisha na wasiofika 300 jamaa alikaa chini kwenye ukingo akawa anacheka mwenyewe. Wengi walikuwa sentimita nne mpaka sita, na safari hii unga ulikuwa na kazi kidogo tu kwenye hesabu ya gharama, kilichokula hela ni mabati, na mabati yatatumika tena.

Kilichobaki kutatuliwa ni wale wakubwa. Hata safari hii walikuwepo kama 50 hivi walioshika sentimita 9 na 10, na vichwa viliokotwa tena wiki ya nne. Kwenye tanki unachambua kila wiki, bwawani huwezi kuvuta wavu kila wiki bila kuvuruga tope na kuua wadogo. Mimi nilitaka avune siku ya 28 hata kama ni wadogo, achambue kwa ndoo zenye matundu ya saizi mbili, wakubwa wakae peke yao. Yeye anataka wafike saizi ya kuuza kwanza. Hesabu yangu ni kwamba mkubwa mmoja akila wenzake wawili tu kwa siku kwa wiki moja, hao 50 wanamaliza 700, na hao 700 kwa bei ya kifaranga cha kidole ni hela kubwa kuliko anayopata kwa kuwaongezea sentimita moja. Ameshaweka oda nyingine kwa mzee, sindano itachomwa mwezi ujao mvua zikipungua, na siku ya 28 imeshaandikwa kwa chokaa kwenye bati la uzio, japo ameniambia hajakubali.